Faida ya barabara hupimwaje? Mfano wa Kerege

KATA ya Kerege, wilayani Bagamoyo mkoani Pwani, ipo kando ya barabara kuu iendayo Bagamoyo kutoka Dar es Salaam. Faida ya barabara kama hiyo kwa uchumi haipimwi kwa urefu wa lami.

Kwanza, wachumi hulinganisha gharama za usafiri barabara ikiwapo na isingekuwapo: muda, mafuta, vipuri na ajali.

Pili, huangalia bei. Gharama ya kusafirisha mananasi ya Kiwangwa hadi Dar es Salaam ikishuka, lakini mkulima akalipwa bei ileile shambani, unafuu umebaki kwa msafirishaji au mchuuzi.

Tatu, hutenganisha biashara mpya na iliyohama. Bagamoyo, uliokuwa mwisho wa misafara ya bara, ulipoteza makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891; ujenzi wa reli ya kati kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ukazidi kuhamishia biashara huko.

Hivyo, maduka mapya kando ya lami Kerege hayatoshi kuwa ushahidi. Sharti ijulikane pia kama yamezaliwa hapo au yamehama vijiji vya ndani, visivyofikiwa na lami.