Mto ni wa Umma. Na Ukingo Je?

Hebu jaribu hii kitu wikendi moja. Beba ndoano, kamba ya nailoni, fimbo, na nyungunyungu kwenye kopo. Kisha tafuta mahali karibu na Nairobi pa kukaa kando ya maji uvue samaki, bila kiingilio na bila soja wa geti kukuuliza umetumwa na nani. Utazunguka sana. Ama utapata maji machafu, ama utapata ua wa waya na kibao cha mbwa mkali.

Wengi husema, "Ah, hiyo ni michezo ya wazungu na matajiri." Zii wasee. Tukubaliane tu kwamba kuna watu waliifanya iwe hivyo, na kuna miaka ilifanyika. Leo tunapiga hiyo historia.

Tuanze magharibi. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, watu wa Nyanza walikuwa wanavua bila hata kupanda mtumbwi. Mvua ikianza, samaki anayeitwa ningu alikuwa anatoka ziwani kupanda mito kama Nyando, Sondu na Nzoia kwenda kutaga mayai. Watu walimngoja mtoni. Walijenga kek, yaani uzio wa miti na matete unaokatiza mto, wakaweka mitego ya kikapu kwenye mianya. Haikuwa kila mtu ajifanyie anavyotaka. Sehemu ya kek ilikuwa na wenyewe kiukoo, na kila mtu alijua sheria. Lakini cheki, aliyekuwa na haki ya ukingo ni yule aliyeishi hapo.

Kisha nyavu za jarife zikaingia mwanzoni mwa karne hiyo, na reli ikaleta soko. Ngege wakaanza kupungua mpaka serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu, Michael Graham, kukagua ziwa mwaka wa 1927 na 1928. Alipendekeza nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5. Ningu naye alikuwa na shida yake: nyavu zilitegwa midomoni mwa mito, zikamkamata kabla hajataga. Mvuvi wa ukingoni akabaki anangoja samaki asiyefika.

Sasa twende Mlima Kenya na Nyandarua, kwa sababu huko ndiko stori inakuwa moto.

Mwaka wa 1905, mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa katika Mto Gura. Huyu Grogan ndiye yule aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, Machi 1907. Samaki wake walizoea maji baridi ya milimani, na baadaye wakasambazwa kwenye mito mingine kama Chania, Thego, Sagana na Thiba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, serikali ilikuwa na kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo. Kambi za wavuvi zikajengwa msituni, kama Thego, Thiba na Kimakia.

Hapa tuwe wakweli. Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, kwa hivyo huwezi kusema waliibiwa kitoweo. Kilichochukuliwa ni ukingo wenyewe. Mto uleule ambao watu walichota maji na kunywesha mbuzi ukageuka mahali pa burudani ya mtu mwenye leseni na mshipi wa bei. Halafu vita vya Mau Mau vikaja, na mwaka wa 1953 misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikatangazwa eneo marufuku. Mwafrika kuonekana kando ya mto huko kulikuwa hatari ya kupigwa risasi. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini guka wako hakumfundisha babako kuvua.

Naivasha nayo ina kesi yake. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kutoka sehemu hizo za Bonde la Ufa, na ardhi ya kuzunguka ziwa ikagawiwa walowezi. Samaki wakaletwa kutoka nje: tilapia mwaka wa 1925, kisha basi mweusi kutoka Marekani mwaka wa 1929. Ziwa lenyewe lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kadogo ka kutosha kidole. Ziwa likajaa samaki, na ukingo ukajaa mashamba. Leo ni mashamba ya maua na mahoteli. Mwananchi wa kawaida anafika majini kupitia sehemu chache kama Kamere na Karagita, na wafugaji bado wanagombania njia za kupitisha ng'ombe.

Na msidhani mji ulinusurika. Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka wa 1953 kama akiba ya maji. Ni hekta 35 hivi. Watu walikuwa wanaendesha mashua za tanga hapo, wanavua samaki. Manze, ebu fikiria! Leo limefunikwa na magugu maji na uchafu unaoteremka na mto. Hapo hatukuhitaji mkoloni. Hapo ni sisi na serikali zetu za baada ya Uhuru.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka mito na maziwa kwenye ardhi ya umma. Kanuni za mazingira za 2006 zilitaka ukingo wa kati ya mita 6 na 30 uachwe bila ujenzi, kutegemea mto. Mwaka wa 2018 tuliona hadi majumba makubwa Nairobi yakibomolewa kwa kukalia ukingo. Lakini kubomoa ni jambo moja, kufungulia watu njia ni jambo lingine. Ukingo ukibomolewa kisha ukazungushiwa mabati, umenisaidia na nini?

Kwa wale wanataka kujaribu: Kamere Naivasha, Dunga Kisumu, na zile kambi za trauti za Nyeri, Kirinyaga na Murang'a. Ukifika ufuoni, tafuta kwanza kamati ya BMU. Hizo kamati zilipewa nguvu za kisheria mwaka wa 2007, na wazee wake ndio wanajua wapi panafaa na wapi kiboko hupanda jioni. Salimia, jieleze, ukae upande unaoonyeshwa. Uvuvi wa burudani unahitaji leseni, kwa hivyo ulizia ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla hujarusha ndoano.

Maoni yangu ni haya. Kila kaunti yenye mto au ziwa ichore ramani ya njia za umma za kufika majini, iweke kibao, na iweke choo. Si lazima hoteli, si lazima mkahawa. Kijana wa mtaani asiye na ganji anahitaji mahali pa kukaa kimya masaa matatu bila kununua kitu. Na tena, mto wenye watu wanaokaa kando yake kila Jumamosi si rahisi kuumwagia kemikali usiku, kwa sababu asubuhi kutakuwa na mtu anauliza.

Mwakilishi wenu wa wadi akija kuomba kura, muulizeni swali moja tu: njia ya umma ya kwenda mtoni iko wapi? Akisema haipo, mwambieni arudi akiipata.