Habari za John McCloy, Wakili, Mtu wa Benki na Mtumishi wa Serikali



Katika mkutano wetu mkuu palizuka hoja kama yafaa mtu aliyezoea faida ya biashara akabidhiwe kazi ya serikali. Twaona vema kuwaletea habari za Mmarekani mmoja aliyezipita njia zote mbili.

John McCloy alizaliwa Philadelphia mwaka 1895. Hakutimiza miaka sita baba yake akafariki, na mama yake akamlea kwa ujira wa kutengeneza nywele za wake wa matajiri. (Akina mama wajane waliomo chamani wataelewa bila kuelezwa.) Akasoma Amherst, akaenda vitani Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akarudi kumaliza masomo ya sheria Harvard mwaka 1921.

Jina lake lilikuzwa na kesi moja. Julai 1916 shehena kubwa ya baruti na risasi ililipuka mahali paitwapo Black Tom, katika bandari ya New York. McCloy aliifuata kesi ile miaka mingi, hata mwaka 1939 ikaamuliwa ya kwamba hujuma ile ilitoka kwa Wajerumani. Kwa ujuzi huo Waziri wa Vita, Henry Stimson, alimwita kazini, na tangu 1941 hadi 1945 akawa Waziri Msaidizi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mwaka 1942 watu wa asili ya Japani walianza kuondolewa majumbani mwao katika pwani ya magharibi ya Marekani, wakafungiwa makambini pasipo kushtakiwa. Walipata kama 120,000, na wengi wao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Amri ilitiwa sahihi na Rais Roosevelt, lakini McCloy alikuwa miongoni mwa walioiendesha. Sisi hatuoni kwamba biashara ndiyo iliyompotosha. Alikuwa mwanasheria, naye alijua kuliko wengi maana ya mtu kufungwa bila hukumu.

Tangu 1947 hadi 1949 aliongoza Benki ya Dunia, iliyotoa mkopo wake wa kwanza, dola milioni 250, kwa Ufaransa. Kisha akawa Kamishna Mkuu wa Marekani katika Ujerumani Magharibi. Huko, mwaka 1951, aliwapunguzia vifungo wahalifu wengi wa vita, na tajiri Alfried Krupp akafunguliwa na kurudishiwa mali yake. Waliodhulumiwa na vita waliudhika mno. Toka 1953 hata 1960 alikuwa mwenyekiti wa benki ya Chase, na mwaka 1961 akarudi serikalini kumshauri Rais Kennedy juu ya kupunguza silaha.

Mwaka 1981, mzee wa miaka 86, alifika mbele ya tume iliyochunguza habari za makambi yale, akaitetea amri ile. Mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kuwaomba radhi waliofungwa, na kila aliyekuwa hai akaahidiwa dola 20,000. McCloy alifariki Machi 1989, fedha hizo zikiwa hazijaanza kulipwa.