QUR'ANI ILIYOANDIKWA KUTOKA KIFUANI: UKIFIKA CAPE TOWN, TAZAMA HAYA



Ndugu yangu katika imani, vijana wetu wengi wakipata ziara za kubadilishana utamaduni hurudi na picha za majengo na milima tu. Ukijaaliwa wewe kufika Cape Town, ipige picha Table Mountain umalize haja yako, kisha panda hadi Bo-Kaap, mtaa wa Dorp. Hapo ndipo ulipo Msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini, unaohesabiwa kuanza mwaka 1794.

Imamu wake wa mwanzo ni Abdullah ibn Qadi Abdus-Salaam, mtu wa Tidore, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Waholanzi walimleta Rasi mwaka 1780 akiwa mfungwa, wakamtupa Robben Island. Ndiyo, kisiwa kile kile alichofungwa Mandela. Huko gerezani akaiandika Qur'ani kwa mkono wake, kutoka kifuani, na mwaka 1781 akakamilisha kitabu cha akida na sheria. Watu wakamwita Tuan Guru, yaani Bwana Mwalimu.

Zingatia hali ya wakati ule. Sheria ya Kampuni ya Waholanzi ilikataza Uislamu usidhihirishwe hadharani, na adhabu yake ilifika hadi kifo. Ruhusa ya kuabudu kwa uwazi ilikuja mwaka 1804. Lakini Tuan Guru hakuingoja. Alipoachiwa tu alifungua madrasa hapo Dorp Street, na wanafunzi wake walikuwa watumwa na watu waliokombolewa utumwani. Ardhi ya msikiti ilikuwa ya familia ya Coridon van Ceylon, mtumwa aliyepata uhuru, na binti yake Saartjie ndiye aliyeiacha itumike kwa sala. Mwanamke, ndugu yangu! Hata huku pwani yetu wako akina mama waliotoa waqfu, ila majina yao hatuyataji mimbarini.

Sasa njoo kwenye lugha. Babu zetu wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua na hesabu za biashara. Waislamu wa Rasi walifanya hivyo hivyo kwa Kiafrikana! Mwaka 1877 kilichapishwa Istanbul kitabu cha fiqhi, Bayan al-Din, cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Uthmaniya. Lugha ni Kiafrikana, herufi ni za Qur'ani. Lugha ile iliyokuja kuwa alama ya ubaguzi wa rangi, baadhi ya maandishi yake ya mwanzo kabisa ni masomo ya udhu na sala. Wangapi kati yetu leo wanaweza kusoma barua ya babu yao iliyoandikwa kwa herufi hizo?

Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza District Six kuwa eneo la weupe. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zikabomolewa, misikiti ikabaki imesimama katikati ya uwanja mtupu. Waumini wakawa wanatoka mbali, huko Cape Flats walikohamishiwa, kuja kuswali pale pale. Wewe msikiti uko mita ngapi kutoka mlangoni kwako?

Na Durban wako jamaa wanaoitwa Wazanzibari. Wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Manowari za Waingereza ziliwatoa kwenye majahazi ya watumwa, wakaanza kupelekwa Durban mwaka 1873. Wakaishi Bluff, wakashika dini yao, mpaka ubaguzi ulipowahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi, na kuwaandika katika makaratasi kuwa ni Waasia wengineo. Wamakua, Waasia! Ukipita Chatsworth waulizie. Wapo mpaka leo.