Wakimbiaji wa Ridhaa wa Bonde la Tyne

Katika karne ya 19, kandokando ya mto Tyne, kaskazini-mashariki ya Uingereza, ambako riziki ya watu ilitoka katika machimbo ya makaa ya mawe na viwanda vya kuundia merikebu, mbio za miguu zilikuwa biashara: wanaume hodari walishindanishwa mbele ya umati, watu wakawekeana dau, na mshindi akaondoka na ijara ambayo shimoni asingeipata ila kwa kazi ya siku nyingi. Waungwana wa London na wa vyuo vikuu walilichukia jambo hilo, wakaunda chama chao mwaka 1866, Amateur Athletic Club, ambacho kanuni zake hazikutosheka na kuwakataa waliokimbia kwa malipo, bali ziliwafungia mlango mafundi na vibarua wote, kana kwamba alaye kwa jasho la mikono yake hawezi kukipenda kitu pasipo tamaa. Ilikuwa dhuluma, wala haifai kuipamba kwa jina la heshima.

Mwaka 1880 ilipoundwa Amateur Athletic Association mjini Oxford, kizuizi cha tabaka kiliondolewa, ila marufuku ya fedha ikasalia, tena kwa ukali usio na insafu. John Tarrant, mkimbiaji maskini aliyekiri kwa hiari yake kwamba ujanani alipata pauni 17 kwa kupigana ngumi, alifungiwa katika miaka ya 1950, akawa anajitosa katika mbio bila nambari kifuani. Na hata aliporuhusiwa kukimbia nchini mwake, hakupewa kamwe idhini ya kuiwakilisha Uingereza, hadi alipofariki mwaka 1975.

Hata hivyo, mlango ulipofunguka mwaka 1880, hao hao waliodharauliwa ndio walioupa ukimbiaji wa ridhaa adhama yake. Klabu ya Elswick Harriers ilianzishwa mwaka 1889, Gateshead Harriers mwaka 1904, na siku ya Mwaka Mpya wa 1902 zilianza mbio za kutoka Morpeth hadi Newcastle, mwendo wa maili 13 hadi 14, ambazo ziliendelea kukimbiwa hata baada ya karne kupinduka. Wanachama walifanya mazoezi jioni baada ya kazi, na wakati wa baridi walikimbia mashambani katika matope. Waliozeeka walishika saa, wakaelekeza njia na kuchemsha chai. Na zawadi, ilipopatikana, aghalabu ilikuwa saa ya mezani au seti ya visu na uma, kitu cha kumfurahisha mke nyumbani. Mimi nauhesabu utumishi huu usio na malipo kuwa tendo kubwa kuliko ushindi wowote, kwa kuwa mbio hazisimami kwa miguu ya mshindi peke yake.

Basi Brendan Foster, mkimbiaji wa Gateshead Harriers aliyepata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, aliporejea kutoka Auckland, ambako alijionea umati wa raia wakikimbia pamoja pwani, hakukuta ardhi kame. Tarehe 28 Juni 1981, katika mbio alizozianzisha, watu zaidi ya 12,000 waliondoka Newcastle, wakavuka daraja la Tyne, wakapita Gateshead na kuishia kando ya bahari, South Shields, mwendo wa kilomita 21 na ushei; na aliyetangulia wote alikuwa Mike McLeod, mwanachama wa Elswick Harriers. Mbio hizo ndizo Great North Run.

Umaarufu ulikuja upesi. Mwaka 1992 ubingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni ulikimbiwa katika njia hiyo, akautwaa Benson Masya wa Kenya. Mwaka 2000 Faustin Baha wa Tanzania alishinda Great North Run. Na mwaka 2014 akamaliza mtu wa milioni moja. Wanaostahiki taadhima ya kwanza katika habari hii, kwa hukumu yangu, ni wanachama wa vilabu vya Morpeth, Elswick na Gateshead, waliozilinda mbio za barabarani miaka themanini kabla ya kamera za televisheni kufika.