Nyumba njema si mlango: historia ya nyumba za Lubumbashi na namna ya kuzikagua kabla ya kununua

Wazee wetu walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Darasani tunaifundisha methali hii juu ya tabia ya mtu. Lakini anayetaka kununua nyumba hapa Lubumbashi aichukue vile ilivyo, neno kwa neno. Kila nyumba ya mji huu iko na ugonjwa wa wakati wake, na mwenye kujua historia atajua pia mahali pa kutazama kabla ya kutoa pesa.

Kwanza tuulize: tunanunua nini? Sheria ya tarehe 20 julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake na haiwezi kuuzwa. Mwananchi anapewa haki ya kuitumia; kinachokuwa mali yake hasa ni kile kilichojengwa juu ya lupango. Siku hizi watu wanachunguza karatasi wiki nzima, na wanafanya vizuri. Lakini nyumba yenyewe wanaiangalia nusu saa, tena sebuleni tu. Sasa ikianguka, kutabaki nini?

Mji ulianza mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka Rhodesia. Watu wa vijiji walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haikukusudiwa kuishi miaka mingi: mchwa wakila nguzo, mtu alijenga ingine. Wazungu wa kwanza walijenga kwa mbao na mabati, yaani malata, vitu vilivyokuja kwa treni. Matofali ya kuchoma yalifuata upesi, maana udongo ulikuwa tayari: vichuguu vya Katanga, vingine vya mita 8 kwenda juu. Ni jambo la kushangaza kidogo: mchwa alitupa udongo wa kujengea kuta, halafu akarudi kula paa.

Toka mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae na wake na watoto wao, wasirudi kwao kila mara. Kambini wakajengewa nyumba za kudumu. Kamalondo na Kenya ndizo komini za zamani za Waafrika. Katuba na Ruashi zilikuja kukua katika miaka ya 1950, na huko Ruashi ilijenga Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952. Nyumba za wakati ule ziko na kuta nzuri mara nyingi. Ugonjwa wake ni uzee: mbao za paa, malata yenye kutu, mifereji ya maji iliyoziba. Katika kambi, kampuni ndiyo ilitengeneza kila kitu. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, matengenezo yakasimama, na nyumba nyingi zikapita mikononi mwa wafanyakazi wenyewe, pamoja na mzigo wa kuzitengeneza.

Baada ya hapo mji ukapanuka kwa nguvu za raia. Mtu anapata lupango, anachimba udongo palepale, anapiga matofali mabichi na kuyakausha kwa jua. Matofali mabichi si mabaya. Ukuta wake ni baridi wakati wa joto. Adui yake ni maji. Ukuta ukiwa na fondasio ya mawe na paa lenye kutoka nje vizuri, utasimama miaka mingi. Bila hivyo, mvua ya novemba mpaka aprili itaula kidogo kidogo kutoka chini.

Basi, ndugu msomaji, ukifika kwa muuzaji ufanye hivi. Anza nje, chini ya ukuta. Alama ya unyevu, chumvi nyeupe au plasta yenye kutoka ngozi zinasema kwamba maji yanapanda. Gonga kwa mkono: sauti ya utupu ni plasta iliyoachana na tofali. Kwaruza kidogo na msumari katikati ya matofali uone kama ni simenti ao ni udongo tu. Ikiwa tofali ni la kuchoma, liligonge: lililoiva linalia kama kengele. Katika tanuru, yale ya pembeni hayaivi sawa na ya katikati, na kuna wajenzi wanaoyachanganya.

Nyufa usiziogope zote. Ufa mwembamba wa plasta ni jambo la kawaida. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha unasema kwamba msingi unashuka. Hapo uliza majirani: shimo la matofali lilikuwa wapi? Mara nyingi shimo hilo lilijazwa takataka, halafu chumba cha nyongeza kikajengwa juu yake.

Kisha omba ngazi, upande darini. Njia nyembamba za udongo juu ya mbao ni barabara za mchwa. Choma mbao kwa kisu uone kama ndani ni unga. Na rangi mpya? Uulize juu ya nini imepakwa mwezi huu. Ukinunua wakati wa kiangazi, ujue kwamba nyumba inakuonyesha uso wake mzuri. Ikiwezekana, rudi mvua ikinyesha.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na pesa yake ya mwisho. Kwa mtu wa namna hiyo nyumba ni pensheni yake na urithi wa watoto. Kumlipa mwashi mwenye uzoefu siku moja ni gharama ndogo mbele ya paa zima. Andikeni pamoja kila kinachohitaji kutengenezwa, mpige hesabu, na jumla hiyo itolewe katika bei kabla ya kutia sahihi. Muuzaji akikataa hata usipande darini, amekwisha kukujibu.