Kwa Nini Dripu na Mionzi Huenda Pamoja

Akina mama wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi huniuliza, "Sista, kama napigwa mionzi, dripu ni ya nini tena?"

Jibu lina historia yake. Mwaka wa 1965 huko Marekani, mwanasayansi Barnett Rosenberg na wenzake walipitisha umeme ndani ya maji yenye bakteria. Bakteria wakaacha kugawanyika. Kilichowazuia si umeme, bali madini ya platinamu yaliyotoka kwenye vyuma vya umeme. Hapo ndipo ilipotokea dawa ya sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1978.

Mionzi huharibu seli ya saratani, lakini seli hujaribu kujirekebisha. Sisplatini huizuia. Ni kama kubomoa ukuta, kisha ukamficha fundi mwiko wake.

Februari 1999, taasisi ya saratani ya Marekani ilitangaza matokeo ya tafiti tano. Kwa wanawake waliopata dawa hii pamoja na mionzi, hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 30 hadi 50.

Kwa hivyo mama, usiruke siku ya dripu kwa kuogopa kutapika. Mwambie muuguzi, dawa ya kuzuia kutapika ipo. Ukiambiwa usubiri kwa sababu ya damu au figo, subiri, kisha urudi. Nawe mlezi, mkumbushe tarehe, umsindikize.