Aliyebaki Murnau

Watu wakiutaja mji wa Murnau katika historia ya sanaa, jina linalofuata huwa Wassily Kandinsky. Si kosa. Ni katika mji huo mdogo wa Bavaria, kilomita 70 hivi kusini mwa Munich, ambako Mrusi huyo alianza kuziachia picha zake zisifanane tena na kitu chochote cha duniani. Lakini Kandinsky alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Aliyeinunua nyumba, na aliyerudi kuishi humo theluji ikianguka na kuyeyuka kwa miaka 30 na ushei, ni Gabriele Münter. Kwa maoni yangu, habari za mahali pale zikianzia kwake zinakaa sawa zaidi.

Münter alizaliwa Berlin mwaka 1877. Enzi hizo chuo cha sanaa cha Munich hakikupokea wanawake, hivyo msichana aliyetaka kujifunza uchoraji alilipia masomo katika shule za watu binafsi. Yeye fedha alikuwa nazo, urithi wa wazazi waliokwisha kufariki, na kabla ya kushika brashi kwa dhati alikuwa ameshazunguka Marekani na dada yake kwa miaka miwili, kamera ya Kodak mkononi. Mwaka 1902 akajiunga na Phalanx, shule aliyofundisha Kandinsky. Majira ya joto ya mwaka huo darasa likahamia Kochel, chini ya milima ya Alps, kuchora nje. Mwalimu na mwanafunzi wakapendana, naye mwalimu alikuwa na mke. Ikafuata miaka ya kuishi na masanduku: Uholanzi, Tunis kuanzia Desemba 1904 hadi Aprili iliyofuata, Rapallo, viunga vya Paris, Berlin.

Mwaka 1908 kuhamahama kukawachosha. Walikuwa wamepita Murnau mwanzoni mwa majira ya joto na kupapenda, na mwishoni mwa Agosti wakarudi na Warusi wawili, Alexej Jawlensky na Marianne von Werefkin, wakapanga katika nyumba ya wageni ya Griesbräu. Walikaa hadi mwisho wa Septemba tu, lakini majuma hayo machache yalimbadilisha Münter kabisa. Mpaka hapo alikuwa akipaka rangi nzito kwa kisu, madoa madoa, kwa mtindo wa Kifaransa wa kizazi kilichotangulia. Jawlensky alikuwa ametoka Ufaransa na somo jingine: lizungushie umbo mstari mweusi, ndani yake tandaza rangi moja pana, na vivuli viache. Münter alilidaka haraka kuliko wenzake. Alifanyia kazi vipande vya kadibodi vya kama sentimita 33 kwa 41, vya kubebeka kwapani, na zilikuwapo siku alizomaliza zaidi ya kimoja. Baadaye aliandika katika shajara yake kwamba hapo aliruka, akatoka katika kuiga maumbile akafika katika kuyahisi yaliyomo ndani yake.

Wengi wanaoziona picha hizo hudhani nyumba zake za manjano, waridi na buluu ni njozi za wachoraji. Sehemu yake ni kweli tupu. Kuanzia 1906 hivi, msanifu majengo Emanuel von Seidl alikuwa ameipendezesha barabara kuu ya Murnau kwa kuzipaka rangi kuta za nyumba zake. Wachoraji waliikuta kazi imeshaanzwa na mafundi rangi.

Na hata milima ya buluu haikubuniwa. Mahali pale huvuma Föhn, upepo mkavu wa vuguvugu unaovuka Alps kutoka kusini. Ukivuma, hewa hutakata, na milima iliyokuwa imefifia hujongea kana kwamba iko nyuma ya ua wa jirani, imekolea buluu. Wenyeji huulaumu upepo huo kwa maumivu ya kichwa. Mchoraji mwenye kadibodi kwapani alikuwa na sababu ya kuushukuru.

Agosti 1909 Münter alinunua nyumba mpya juu ya kilima, upande wa pili wa reli. Madirisha yake yanatazamana na kanisa na kasri la mji, na chini hupita njia ya treni iliyofika Murnau mwaka 1879 na kusogezwa hadi Garmisch miaka 10 baadaye. Kandinsky aliichora treni hiyo mwaka huohuo wa 1909, jitu jeusi likikata mandhari. Alilima bustani akiwa amevaa kama wakulima wa Bavaria, akapamba ngazi za ndani kwa wapanda farasi na maua, na samani wakazipaka rangi kwa mikono yao. Wenyeji wakaiita Nyumba ya Warusi, ingawa mwenye hati alikuwa mwanamke wa Kijerumani.

Maisha yao yalifuata majira. Makazi ya mjini yalikuwa Ainmillerstraße namba 36, Munich, na baridi nyingi waliipitisha huko katika maonyesho, barua na ugomvi wa vyama vya wasanii. Murnau walikwenda kufanya kazi, mara nyingi kukiwa na joto, na mara nyingine theluji ikiwa imefunika mapaa. Chini ya mji linatandaa bwawa kubwa la Murnauer Moos. Majani yake ni magumu, ng'ombe hawayapendi, kwa hiyo yalifyekwa mwishoni mwa msimu yakawa matandiko ya mazizi. Yalirundikwa kuzunguka nguzo na kuachwa hapohapo hadi ardhi igande, maana kabla ya hapo hakuna mnyama wa kuvuta mzigo angepita bila kuzama. Marundo ya nyasi na vibanda vya bondeni ni vitu alivyovichora Münter mara kwa mara, tena bila mapambo yoyote.

Lakini shule yake kubwa pale ilikuwa kioo. Murnau na vijiji vyake vilikuwa na jadi ya kuchora watakatifu nyuma ya vioo, na mtengeneza bia mmoja wa mjini, Johann Krötz, alikuwa amekusanya takriban 1,000 kati ya picha hizo. Münter akamwendea Heinrich Rambold, fundi aliyekuwa bado anaifanya kazi hiyo, akajifunza kwake. Katika kazi hii mambo huenda kinyumenyume. Rangi hupakwa upande wa nyuma, picha hutazamwa upande wa mbele. Kwa hiyo mstari wa nje wa uso na mboni ya jicho hutangulia, halafu ngozi, halafu nguo, na mandhari ya nyuma ndiyo hufunga kazi. Ukikosea jicho, huwezi kulirekebisha kwa kupaka juu yake, kwa kuwa kila tabaka unaloongeza linakwenda nyuma ya lile lililotangulia. Kulia nako huwa kushoto. Kazi ya namna hii haina nafasi ya kusitasita, na ukiziangalia picha zake za mafuta za 1909 hadi 1911, mstari mweusi uliochorwa mara moja bila kurudiwa, utaona fundi wa kioo amepita hapo.

Kilichofuata kimeandikwa sana, nami nitakipita. Franz Marc aliishi Sindelsdorf, si mbali na Murnau. Yeye na Kandinsky waliunda kundi la Mpanda Farasi wa Buluu, maonyesho ya kwanza yakafunguliwa Munich Desemba 1911, na kitabu chao cha 1912 kikaweka picha za kioo za wakulima wa Bavaria pamoja na sanaa ya Afrika na ya Asia. Miaka minne baadaye Marc aliuawa vitani Verdun.

Vita hivyo ndivyo vilivyofunga milango ya Nyumba ya Warusi. Agosti 1914 Kandinsky akawa raia wa adui, wakakimbilia Uswisi, na Novemba yeye akaondoka kwenda Urusi. Münter alimngoja Stockholm kuanzia 1915. Kandinsky alikuja Desemba ya mwaka huo, akaondoka Machi 1916, na hawakuonana tena. Mwaka 1917 alioa mwanamke mwingine Moscow. Uhusiano wa zamani ukamalizikia katika madai ya mali, hadi 1926 walipokubaliana: sehemu ya picha zikarudishwa kwake, nyingine nyingi zikabaki kwa Münter.

Alikwenda huku na huku hadi 1931, ndipo akarudi Murnau kuishi moja kwa moja. Johannes Eichner, msomi wa sanaa aliyekuwa mwenzi wake, alihamia hapo mwaka 1936. Kwangu mimi miaka hii, ambayo vitabu huiruka, ndiyo inayoonyesha maana ya kuishi chini ya mlima badala ya kuutembelea. Katika Kifungua Kinywa cha Ndege, picha ya 1934 iliyoko leo Washington, mwanamke ametupa mgongo, mezani pana vyombo vya asubuhi, na nje ya dirisha ndege wamejaa kwenye matawi yenye theluji. Milima haimo kabisa, na mtu aliyekuja kwa majuma mawili asingethubutu kuiacha.

Miaka hiyo pia haikuwa safi kama wapenzi wake wanavyotaka iwe. Barabara ya kwenda Garmisch ilipokuwa ikijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya baridi ya 1936, Münter alikwenda kuchora mashine ya buluu ya kuchimbia, na akashiriki maonyesho yaliyosifu barabara za Hitler. Alitaka kuendelea kufanya kazi. Mwaka uliofuata Wanazi walifungua Munich maonyesho ya kuikejeli sanaa waliyoiita iliyopotoka, picha za Kandinsky zikiwamo. Nyingine nyingi za mchoraji huyohuyo, ambazo hawakujua ziliko, zilikuwa zimefichwa chini ya ardhi Murnau, katika chumba cha nyumba ya yule mama wa mashine ya buluu. Zilikaa humo vita vyote. Mwaka 1945 askari wa Marekani waliipekua nyumba hiyo wasizione.

Alipotimiza miaka 80, mwaka 1957, alizitoa kwa mji wa Munich: takriban picha 90 za mafuta za Kandinsky, mamia ya kazi zake za karatasi, na zake mwenyewe. Kwa zawadi hiyo, jumba la Lenbachhaus lililokuwa la kimji tu likawa mahali ambapo hakuna mtafiti wa Kandinsky anayeweza kupakwepa. Münter alifariki katika nyumba yake tarehe 19 Mei 1962.

Nyumba sasa ni makumbusho. Ilipokarabatiwa mwaka 1998 na 1999, iliamuliwa irudishwe ilivyokuwa kati ya 1909 na 1914. Uamuzi huo unaeleweka, kwani wageni huja kuona ngazi zenye wapanda farasi. Hata hivyo miaka iliyochaguliwa ni mitano, ile ambayo Kandinsky alikuwapo, na vyumba vya miaka 31 ambayo Münter aliishi humo ndivyo vilivyoondolewa ili kuipisha.